HESABU YA WATOTO NA MSHAHARA WA MZAZI

(Hotuba ya kamati ya elimu, iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Kitengela, kisha ikasomwa tena Kajiado. Tumeipiga chapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu siku hizo.)



Jambo tulilopewa kulisema leo ni hesabu ya watoto katika nchi yetu. Huenda baadhi yenu mlikuja mkitumaini kusikia habari za mishahara, na sasa mnajiuliza hesabu ya watoto yahusu nini chama cha wafanyakazi. Twaomba subira. Kabla hatujamaliza mtaona kwamba hesabu ya watoto na hesabu ya mshahara ni hesabu moja, wala haifai mfanyakazi kuachia watu wengine waifanye kwa niaba yake.

Tuanze hapa hapa ukumbini. Kabla ya mkutano kufunguliwa tuliwauliza maswali matatu. La kwanza: Ni nani aliyezaliwa katika nyumba ya watoto 7 au zaidi? Wazee karibu wote waliinua mikono, na vijana wengi pia. La pili: Ni nani mwenye watoto 7? Mikono ikawa michache, tena ya wazee watupu, na watu wakacheka. La tatu lilikuwa hili: Ni nani ambaye watoto wake wote watalala naye usiku wa leo, hapa Kitengela? Hapo kicheko kilikwisha. Akina mama wengine walitazama chini.

Maswali hayo matatu ndiyo hotuba yetu yote. Sasa tuyachukue moja moja.

HESABU YA NCHI

Serikali ya Kenya huhesabu watu kila baada ya miaka 10. Mwaka 1969 tulikuwa karibu milioni 10.9. Mwaka 1979 tukawa milioni 15.3, mwaka 1989, milioni 21.4, mwaka 1999, milioni 28.7, mwaka 2009, milioni 38.6, na mwaka 2019, milioni 47.6. Angalieni ya kwamba kutoka 1969 hadi 1989, miaka 20 tu, nchi ilikaribia kuongezeka mara mbili. Siku hizo Kenya ilitajwa miongoni mwa nchi zilizokuwa zikikua upesi kuliko zote duniani.

Wahesabuji wanapotaja watoto huwa na maana ya wale ambao hawajatimiza miaka 15. Mwaka 1979, katika kila watu 100 wa Kenya, watoto hao walikuwa karibu 48. Yaani nchi nzima ilikuwa karibu nusu kwa nusu: nusu moja watoto, na nusu ya pili watu wazima na wazee. Mwaka 1999 watoto walikuwa karibu 44 katika kila 100. Mwaka 2009 walikuwa karibu 43. Mwaka 2019 walikuwa karibu 39.

Twaweza kuisema hesabu hii kwa njia ya sufuria ya ugali. Mwaka 1979, kila mtu mmoja mwenye umri wa kufanya kazi, tangu miaka 15 hadi 64, alikuwa na mtoto mmoja wa kulishwa. Mwaka 2019, watu 100 wenye umri wa kazi walikuwa na watoto karibu 68. Midomo inayongojea mkono mmoja imepungua.

Si nchi zote zilizo katika hatua hii. Jirani zetu wa Tanzania walipohesabiwa mwaka 2022, watoto walikuwa karibu 43 katika kila 100, kama sisi mwaka 2009. Huko Japani watoto ni kama 11 tu katika kila 100, na wazee waliopita miaka 65 wanakaribia 30. Huko taabu yao ni nani atakayemtunza mzee. Hata ndani ya Kenya yetu hatufanani. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mama wa Mandera huzaa watoto 7 au 8, na mama wa Nairobi huzaa 2 au 3.

KWA NINI SEHEMU YA WATOTO IMESHUKA

Haikushuka kwa amri ya mtu. Uchunguzi wa miaka ya 1977 na 1978 ulikuta kwamba mama wa Kenya, kwa wastani, alikuwa akizaa watoto 8 maishani mwake. Mwaka 1989 wakawa karibu 7. Mwaka 1998 wakashuka chini ya 5. Baada ya hapo hesabu ilisimama kwa miaka kadhaa, kisha ikaendelea kushuka: mwaka 2014 walikuwa karibu 4, na mwaka 2022 walikuwa 3.4. Sababu zake ni nyingi, nasi tutazitaja nne.

Ya kwanza ni kifo. Mzazi wa zamani alizaa wengi kwa kuwa alijua atazika baadhi yao. Chanjo, zahanati na maji safi vilipoanza kufika, watoto waliacha kufa kwa wingi ule, lakini wazazi waliendelea kuzaa kama desturi. Ndiyo sababu sehemu ya watoto ilipanda kwanza hata ikakaribia nusu ya nchi. Ilihitaji kizazi kizima kwa wazazi kuamini kwamba mtoto anayezaliwa ataishi. Imani hiyo haikuja bure. Mwaka 2003, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2022 walikuwa 41. Bado ni wengi, lakini tofauti ni kubwa.

Ya pili ni shule, na hasa shule ya msichana. Binti anayekaa darasani huolewa baadaye, na hujua kusoma karatasi ya daktari. Serikali ilipoondoa ada ya shule za msingi mwezi wa Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka madarasani kwa mara moja.

Ya tatu ni kupanga uzazi. Chama cha kupanga uzazi kiliundwa Kenya mwaka 1962, na mwaka 1967 Serikali ikafanya jambo hilo kuwa mpango wa taifa, mbele ya nchi nyingi za Afrika. Lakini mpango ulioandikwa ofisini na mpango ulioingia nyumbani ni vitu viwili. Mwaka 1978 ni wake 7 tu katika kila wake 100 waliotumia njia yo yote ya kupanga uzazi. Mwaka 2022 walikuwa 63.

Ya nne ni ardhi na gharama. Tuliposoma hotuba hii Kajiado, mzee mmoja alisimama akatuambia hivi: "Zamani mtoto alikuwa mkono wa kuchunga. Mtoto wa miaka 6 alipewa ndama, na wa miaka 10 alipewa mbuzi. Leo mtoto ni sare, ni daftari, ni karo. Na malisho yenyewe yamewekwa waya." Maneno hayo yana historia yake. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamaasai hati za ranchi za jamii. Tangu miaka ya 1980 ranchi nyingi za Kajiado, na za upande huu wa Kitengela, ziligawanywa kila mtu na kipande chake, na vipande vikauzwa hata vikawa ploti. Baba mwenye ploti hawezi kuigawa mara nane.

SEHEMU SI IDADI

Hapa twataka msikilize sana, kwa maana ndipo mtu hudanganywa. Mkisikia sehemu ya watoto imeshuka kutoka 48 hadi 39 katika kila 100, msidhani watoto wamepungua. Mwaka 1979, katika watu milioni 15.3, watoto walikuwa kama milioni 7.4. Mwaka 2019, katika watu milioni 47.6, walikuwa kama milioni 18.5. Sehemu imepungua, na idadi imezidi mara mbili na nusu.

Basi mtu akisimama na kusema kwamba shule zatosha sasa kwa kuwa wazazi hawazai kama zamani, mwambieni ahesabu madawati. Na mwajiri akisema kwamba mzigo wa mfanyakazi umekuwa mwepesi kwa kuwa ana watoto watatu badala ya wanane, mwambieni atazame bei ya kumlea mmoja. Wale wanane wa zamani walikula mahindi na maziwa ya nyumbani. Hawa watatu hula unga wa dukani, hunywa maji ya mtungi, na hulala katika chumba cha kulipia kila mwezi.

Tena liko jambo la pili. Watoto wengi wa miaka iliyopita hawakutoweka, wamekuwa vijana. Mwaka 2019, katika kila Wakenya 100, 75 walikuwa chini ya miaka 35. Hao ndio mnaowaona kwenye lango la kiwanda kila asubuhi, wakingoja kuitwa vibarua. Msimamizi huwaonyesha kwa kidole akatuambia, "Usipotaka, wako wengine nje." Wenye elimu ya hesabu husema kwamba nchi yenye watu wengi wa umri wa kazi na watoto wachache kwa kila mmoja imepata nafasi ya kutajirika. Ni kweli, lakini nafasi hiyo si mvua ya kunyesha yenyewe. Mikono mingi isiyo na kazi ya kudumu haimtajirishi mtu ye yote ila yule anayeiajiri kwa bei rahisi.

KAJIADO NA KITENGELA

Sasa tuje nyumbani. Wilaya ya Kajiado mwaka 1979 ilikuwa na watu 149,005. Mwaka 2019, ikiwa sasa ni kaunti, ilikuwa na watu 1,117,840. Nchi iliongezeka mara tatu katika miaka hiyo 40. Kajiado iliongezeka mara saba na zaidi. Mji wa Kitengela peke yake mwaka 2009 ulikuwa na watu 58,167, na mwaka 2019 watu 154,436.

Watu hawa hawakuzaliwa wote hapa. Sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, yaani EPZ, ilipitishwa mwaka 1990, na viwanda vya nguo vikajengwa Athi River. Viko pia viwanda vya simenti, na Nairobi iko karibu kwa barabara ya Namanga. Wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala, na ploti zilikuwa zikiuzwa. Ndivyo mahali palipokuwa njia ya mbuzi na kondoo pakawa mji wa vyumba vya kupanga.

Kwa hiyo kaunti yetu ina maisha ya namna mbili. Ukienda upande wa Mashuuru au Magadi utakuta maboma yenye watoto wengi, na shule iko mbali, na kiangazi kama kile cha 2021 na 2022 kikimaliza ng'ombe, mtoto ndiye wa kwanza kuacha darasa. Ukija Kitengela utakuta vijana, na chumba chenye mtu mmoja au wawili. Mwaka 2019 nyumba moja ya Kajiado ilikuwa na watu 3.5 kwa wastani, na nyumba ya Kenya nzima watu 3.9. Msomaji wa karatasi atasema: Tazama, watu wa Kajiado wana jamaa ndogo kuliko wenzao.

Lakini sisi tunaoishi humo twajua. Mhesabuji humwandika mtu mahali alipolala usiku wa hesabu. Usiku ule wa tarehe 24 Agosti 2019, mama anayeshona suruali Athi River aliandikwa Kitengela, mtu mmoja katika chumba kimoja. Watoto wake wawili waliandikwa kwa nyanya yao, huko Kisii, au Makueni, au Vihiga. Katika karatasi yeye ni mtu asiye na mtoto. Katika simu yake, kila mwisho wa mwezi, yeye ni mama anayetuma fedha mpaka hana nauli, akaenda kazini kwa miguu.

MSHAHARA WA KAPERA

Ndugu zetu, jambo hili si geni kwa mfanyakazi wa Kenya. Wakati wa ukoloni mshahara wa Mwafrika mjini ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto. Walisema mke na watoto watakula shambani. Mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba mpango huo haufai, ikashauri mshahara wa chini uongezwe hatua kwa hatua, katika miaka kama 10, hata uweze kumtunza mfanyakazi na jamaa yake. Vyama vya wafanyakazi vya siku zile vilishika neno hilo na kulidai kwa nguvu: mshahara wa mwenye jamaa, si wa kapera.

Sasa jiulizeni. Mama aliyempeleka mtoto wake kwa nyanya kwa sababu mshahara hautoshi kuishi naye, analipwa mshahara gani? Ni ule ule wa kapera, isipokuwa siku hizi kapera amevaa leso. Nyanya kule nyumbani ndiye anayelipa kilichobaki, kwa jembe lake na mgongo wake, wala jina lake haliko katika kitabu cha mishahara cha mtu ye yote.

Na aliyebaki na mtoto wake hapa, hali yake ni ipi? Tulikwenda alfajiri moja katika mtaa mmoja wa mji huu. Saa kumi na moja u nusu akina mama walikuwa wakipita gizani na watoto mgongoni. Waliingia katika chumba cha mabati, wakawaacha watoto 14 kwa mama mmoja mzee, wakalipa fedha za siku, wakakimbilia zamu. Mama yule ni mtu mwema. Lakini ana mikono miwili na godoro moja, na choo ni cha ploti nzima. Mtoto akipata homa mchana, hana wa kumwachia wengine ili ampeleke zahanati. Na mama akiomba ruhusa, siku hiyo hukatwa.

SHERIA YASEMAJE

Msidhani ya kwamba twaomba hisani. Mengi yameandikwa tayari.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama mzazi likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba likizo ya wiki 2. Yasema pia kwamba mimba si sababu ya haki ya kumfukuza mtu kazi. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo muda usiopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa ni mwajiriwa wa mwezi, wala si wa siku.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi, na mama apewe nafasi ya kunyonyesha, isiyozidi saa moja katika kila saa 8 za kazi.

Na Katiba ya mwaka 2010 yasema wazi kwamba shule za chekechea na vituo vya kulelea watoto ni kazi ya serikali ya kaunti. Basi mama yule mwenye watoto 14 katika chumba cha mabati anafanya kazi ya kaunti, tena kwa fedha za wafanyakazi.

TUNAYOSHAURI

Katika mkutano wa Kajiado ndugu mmoja alisema, "Mfanyakazi azae wachache, na shida itakwisha." Mwingine akajibu kwa hasira, "Chama kisiingie kitandani mwa mtu." Sisi twasema hivi: idadi ya watoto ni shauri la mama na baba, na chama hakina amri hapo. Lakini ndugu wa kwanza akumbuke kwamba wafanyakazi wamekwisha kufanya sehemu yao. Kutoka watoto 8 hadi 3.4 ni safari ndefu, tena waliotembea ni wazazi wenyewe. Kinachosalia ni kwa mwajiri na kwa Serikali kufanya sehemu yao.

Kwa hiyo twashauri mambo manne:

1. Kila mwakilishi wa kiwandani atazame kama kuna chumba cha kunyonyeshea, na kama akina mama wanapewa nafasi yao. Palipo na upungufu aandike tarehe na saa, alete ofisini. Malalamiko ya mdomo husahauliwa.

2. Tuandike barua kwa serikali ya kaunti, yenye sahihi zetu, tukidai kituo cha kulelea watoto karibu na njia ya viwandani, chenye maji, choo chake, na mtu aliyefundishwa. Akina mama wanaolea sasa wasifukuzwe. Wafundishwe na wasaidiwe.

3. Tunapoketi na waajiri kwa mapatano ya mishahara, hesabu yetu ianze kwa mfanyakazi na watoto wanaolala naye. Kodi, unga, maji na shule viandikwe pale pale mezani.

4. Kila mwanachama achunguze kama fedha zake za NSSF zinafika. Wazazi wetu waliweka akiba yao ya uzee ndani ya watoto 8. Sisi wenye watoto 2 au 3 hatuwezi kuwapa watoto hao mzigo ule ule. Sheria mpya ya mfuko huo, iliyoanza kutumika mwaka 2023, yamtaka mfanyakazi akatwe 6 katika kila 100 ya mshahara, na mwajiri aongeze kiasi hicho hicho, mpaka kikomo kilichowekwa. Yako makato yanayoonekana katika karatasi ya mshahara bila kufika katika mfuko. Kazi ya kuuliza ni yetu.

Ndugu wanachama, wahesabuji watarudi, kwa maana miaka 10 si mingi. Watabisha milango ya Kitengela usiku na kuuliza: Ni nani analala humu? Wakati huo twataka mama yule wa cherehani ajibu bila kutazama chini: Mimi, na mwenzangu, na watoto wetu. Iwe ni wawili au watano, hilo ni shauri lake. Lakini waandikwe pale ambapo mshahara wa mzazi wao unapatikana.

Chama ni nyinyi. Swali la tatu tulilowauliza leo tutaliuliza tena katika mkutano mkuu wa mwaka ujao, nasi tutahesabu mikono.

Umoja ni nguvu.